Barua kwa Baba Mkubwa

Mpenzi msomaji, jambo hili unalijua. Kijana akimaliza masomo, wazazi huketi usiku wakahesabu jamaa wenye vyeo serikalini. Nani anamjua katibu wa wizara? Nani alisoma na mkurugenzi? Cheti huwekwa kando, safari ya kumtafuta mkubwa ikaanza.

Usidhani ni ugonjwa wetu pekee. Mwaka 1789 Marekani ilikuwa taifa changa. George Washington aliapishwa kuwa rais wa kwanza mjini New York tarehe 30 Aprili, na maombi ya kazi yakammiminikia. Miongoni mwayo ilikuwamo barua ya Bushrod Washington, mwanasheria wa miaka 27, mtoto wa nduguye mdogo. Alitaka kuwa wakili wa serikali huko Virginia. Nani angeshangaa lau angepewa? Anayeomba ni mwana, anayeombwa ni baba mkubwa!

Baba mkubwa alikataa. Mwezi wa Julai alimjibu kwamba Virginia ilikuwa na mawakili waliomzidi umri na sifa, na kwamba macho ya watu yalimkodolea yeye, rais, waone kama atapendelea jamaa zake.

Je, alimchukia? La. Washington alipofariki mwaka 1799, wasia wake ulimwachia Bushrod shamba la Mount Vernon. Kilicho chake alimpa. Cha umma alimnyima. Naye Bushrod hakukaa kununa. Mwaka 1798 Rais John Adams alimteua jaji wa Mahakama ya Juu, akahudumu hadi kufa kwake mwaka 1829.

Waliofuata hawakushika mfano huo. Vyeo viligawiwa marafiki na wapiga debe, hata mwaka 1881 mtu aliyekosa cheo alimpiga risasi Rais James Garfield, akafa. Ndipo mwaka 1883 ikapitishwa sheria ya kuwapa mtihani waombaji wa baadhi ya kazi za serikali.

Kwetu, Katiba ya 2010 inataka kazi za umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili. Maandishi yapo, kilichobaki ni sisi. Mzazi mwenzangu, kabla hujampigia jamaa simu, mkumbuke yule kijana kwenye foleni ambaye hana baba mkubwa. Na ikiwa baba mkubwa ni wewe, gawa kilicho chako.