Mirathi si kazi ya baraza la kanisa

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika safu yako ya barua ili nitoe maoni yangu kuhusu mirathi ya Wakristo huku kwetu Bariadi, mkoani Simiyu.

Baba akifariki, hata matanga hayajaanuliwa, ndugu wa marehemu huanza kudai ng'ombe na mashamba. Mjane naye hukimbilia kwa wazee wa kanisa ili wahukumu. Mimi ni mmoja wa wazee hao. Katika vikao hivyo tunasali, tunashauri, tunaandika muhtasari, na watu wanatawanyika. Lakini muhtasari wetu haumpi mtu mamlaka juu ya ndama hata mmoja. Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama, na hutakiwa kuiorodheshea mali yote na kuitolea hesabu.

Wapo wanaosema kanisa lipewe mahakama yake. Ndugu zangu, jambo hilo lilikwisha jaribiwa. Huko Uingereza, kwa karne nyingi, mahakama za maaskofu ndizo zilizothibitisha wosia, kwa kuwa wosia ulihesabiwa kuwa jambo la roho: mtu aliye kufani aliungama, akataja madeni yake na kutenga sadaka. Hata wosia wa Shakespeare ulithibitishwa katika mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1616.

Lakini mahakama hizo zilishughulikia mali inayohamishika tu. Ugomvi wa ardhi ulikwenda kwenye mahakama za mfalme. Familia moja, msiba mmoja, kesi mahali pawili! Hatimaye Bunge lao lilitunga sheria mwaka 1857, na mwaka 1858 kazi ya wosia ikahamia mahakama ya serikali. Hivyo Waingereza walipoleta Tanganyika Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, hawakuleta pamoja nayo mahakama za maaskofu. Kwa nini sisi tuokote walichokitupa wenyewe?

Hata hivyo, siwalaumu akina mama wanaokuja kwetu. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilisema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma wa Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake iliwaunga mkono wajane hao na kuitaka Tanzania irekebishe sheria. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Wakati wakubwa wanajadiliana, mama anafukuzwa kwenye mji aliojenga na mumewe.

Kwa maoni yangu, kazi ya kanisa ni kabla ya kifo, si baada yake. Wachungaji na mapadri wahimize wosia mimbarini kama wanavyohimiza ubatizo. Baba aandike akiwa na akili timamu: mke wangu apewe hiki, binti zangu kile. Kwa kanuni za mila, hata wosia wa mdomo unakubalika ukiwa na mashahidi wanne: wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Hao wawili wa nje ndio sisi wazee wa kanisa. Hapo tutakuwa na la kusema mahakamani. Na wosia ulioandikwa unaweza kuhifadhiwa RITA, usije ukachanwa na mwenye tamaa.

Wako wanaume wanaodhani kuandika wosia ni kujiitia kifo. Kifo hakingoji kuitwa. Usipoandika wewe, ukoo utakuandikia.

Mzee wa Kanisa,
Bariadi, Simiyu.