"Kesho Usije" Ni Kufukuzwa

Katika milima ya Usambara hakuna anayefukuzwa kazi. Waulize waajiri kuanzia Soni hadi Mlalo, wenye mashamba ya chai, wenye mashine za mbao, wenye nyumba za kulala wageni pale Lushoto mjini. Watakujibu bila kupepesa macho: sijamfukuza mtu, wale walikuwa vibarua tu. Jani limepungua, wageni hawapandi tena, nimewaambia wapumzike, kazi ikirudi tutaitana.

Ni uongo, tena uongo wenye faida. Anayeusema anakwepa kwa mpigo mmoja notisi, malipo ya likizo, kiinua mgongo na cheti cha utumishi.

Tazama unavyotendeka. Julai, baridi imeshika, chai haichipui. Jioni wachumaji wamejipanga kwenye mizani na matenga yao. Nyapara amekaa na daftari lake, kila jina limefuatwa na vistari vya mahudhurio vilivyochorwa kwa kalamu ya wino. Akishapima tenga la mwisho anasoma majina. "Niliowasoma, kesho msije." Basi. Hakuna barua, hakuna kikao, hakuna sababu. Katika waliosomwa yumo mama aliyeanza kuchuma mwanawe akiwa mgongoni. Leo mwana yuko kidato cha tatu. Aliyebaki ni kijana mwenye miezi minne tu kazini, mpwa wa nyapara. Mama anajifunga kanga, anashuka bondeni, na jirani akimuuliza anasema kibarua kimeota nyasi. Anasema hivyo kana kwamba nyasi zimejiotea zenyewe.

Sasa tuisome sheria, maana ipo na haijafichwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, kinataja hali ambazo mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mojawapo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Siku sita za saa nane zinatosha na chenji inabaki. Mama wa chai anazimaliza kabla wiki ya kwanza ya mwezi haijakwisha. Mwiteni kibarua, mwiteni deiwaka, mwiteni mtakavyo. Mbele ya sheria huyo ni mwajiriwa.

Mabosi wajanja wana kinga ya pili: mkataba wa miezi mitatu mitatu, unakatwa na kuanzishwa upya ili mtu asikomae. Ni kweli kwamba kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, katika kifungu cha 35, inahesabu miezi hiyo kwa mwajiri yule yule, iwe ni kwa mkataba mmoja au zaidi. Waliotunga sheria waliuona ujanja huu kabla hujauanza, bwana mkubwa. Na kesi ikifika mezani, kifungu cha 39 kinakutaka wewe mwajiri uthibitishe kwamba uliachisha kwa haki. Ukishindwa kutoa mkataba wa maandishi, kifungu cha 15 kinakutwika wewe mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira. Kutoandika, ambako huku milimani kunaonekana ni akili, ndiko kunakokufunga.

Najua jibu litakalofuata. Bei ya chai imeshuka, mbolea iko juu, shamba haliwezi kubeba watu wote. Sawa, nakubali kwamba kuna miaka mibaya. Lakini kupunguza watu kwa sababu za uendeshaji nako kuna utaratibu wake, kifungu cha 38, na utaratibu wenyewe haugharimu hata gunia la mbolea. Toa taarifa mapema, tangu wazo la kupunguza linapokujia. Eleza sababu na uweke wazi taarifa zote zinazohusika. Kaa na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe kama hakuna chama, mjadiliane kama kuna njia ya kuepuka, nani aondoke na kwa kigezo gani, lini, kwa malipo gani. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinataja hata kigezo kinachojulikana na kila mtu: wa mwisho kuingia awe wa kwanza kutoka, ukizingatia ujuzi unaohitajika kubaki. Mpwa wa nyapara hayumo humo.

Kwa nini basi kikao hakiitishwi? Kwa sababu kuitisha kikao ni kukiri kwamba wale ni watu wa kujadiliana nao.

Wala tusidanganyane kwamba wanakimbia mzigo mkubwa. Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inakomea miaka kumi. Chukua sh 140,000 kwa mwezi, kilichokuwa kima cha chini cha sekta ya kilimo kuanzia Januari 2023. Ni kama sh 37,700 kwa mwaka. Mtu aliyevunjika mgongo miaka kumi anatoka na sh 377,000 hivi, na aliyekaa miaka ishirini anatoka na hizo hizo. Hizo ndizo mnazomnyima! Kuna sherehe za kipaimara Lushoto zinazokula zaidi ya hapo kwa mchana mmoja.

Wilaya hii inalijua daftari la nyapara kwa muda mrefu. Mwaka 1907, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal kwa jina la Kaisari wa Ujerumani, wakoloni walianzisha hapa Usambara kadi ya kazi: mwanamume alitakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Wakati ule walowezi walikosa mikono, wakaitafuta kwa nguvu ya dola. Leo mikono imejaa, na shida ya bosi ni namna ya kuachana nayo bila kulipa. Anayechora vistari bado ni mmoja, na daftari bado halikai kwa anayefanya kazi.

Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde, Bumbuli, kilifungwa kwa mgogoro kati ya wakulima na mwekezaji, kikakaa kimya kwa miaka. Tulibishana vijiweni na majukwaani: kiwanda ni cha nani, serikali ikirudishe au isikirudishe. Ilikirudisha, na baadaye mifuko ya PSSSF na WCF ikakabidhiwa kazi ya kukifufua. Ubishi huo ulikuwa halali kabisa. Ila sikumbuki kumsikia mtu akiuliza kwa sauti kuhusu waliokuwa wakikausha na kufungasha jani mle ndani. Ndivyo tulivyo: mkulima ana chama, mwekezaji ana wakili, kibarua ana jembe lake.

Na hii kejeli siwezi kuipita. Mji huu wa Lushoto ndio wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama. Mahakimu na majaji wa nchi nzima wanapandishwa hapa kunolewa. Umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwenye lango lile, mhudumu wa nyumba ya wageni anaambiwa asirudi kwa kuwa tumbo limeanza kuonekana, na hajui kwamba kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ujauzito kuwa sababu ya kuachishwa kazi. Kwa nini wanafunzi wale wasishuke sokoni siku ya gulio na kipaza sauti, wakawaeleza watu haki zao kwa Kiswahili, lugha ya sheria na mahakama tangu mabadiliko ya 2021? Na vyama vya wafanyakazi navyo, je, vinapanda milima siku ya Mei Mosi tu, na fulana?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa mkoa wetu iko Tanga mjini. Mtu wa Mtae anashuka mpaka Mombo kabla hajaanza safari yenyewe, na nauli ya kwenda na kurudi anaitafuta mtu aliyepoteza ujira. Tume ipande. Iweke siku maalumu Lushoto, hata kwenye ukumbi wa halmashauri, na tangazo libandikwe kila penye mizani ya chai.

Mpaka hapo, wewe uliyesomewa jina, usikubali kutia dole gumba kwenye karatasi isemayo umeacha kazi kwa hiari. Tunza ujumbe wa simu wa kila malipo uliyotumiwa. Piga picha ukurasa wa daftari wenye jina lako ukipata nafasi. Waandike wenzako watakaosimama kuwa mashahidi. Kufungua shauri CMA hulipii ada, na unaruhusiwa kwenda na mtu wa chama au mwakilishi unayemchagua mwenyewe. Bosi akikuambia subiri mwezi ujao tutaitana, usimsubiri: shauri la kuachishwa kazi lina siku 30 tu za kufunguliwa. Siku ya 31 utaanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa, na bosi atakuwa na wakili wa kuipinga.