Nairobi Iamue Kuhusu Anga za Juu

Sakitu hutupiga usiku wa Januari usio na mawingu. Hewa baridi huteremka kutoka vilimani, hutuama mabondeni juu ya majani chai, na jua likishapanda shamba lililokuwa kijani huonekana kama lililomwagiwa maji moto. Mwaka 2012 tuliyaona mashamba mengi ya Kericho yakiwa kahawia namna hiyo. Mchumaji alikaa wiki nyingi bila cha kuchuma, na mkulima mdogo alijua mapema kwamba bonasi yake itapungua.

Toleo hili linahusu anga za juu, na wapo watakaouliza mambo ya mwezini yanamhusu nini mtu wa Litein au Mogogosiek. Yanamhusu sana. Ramani za sakitu za nyanda zetu zimewahi kuchorwa na RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kilichoko Kasarani, kwa vipimo vya joto la usiku kutoka setilaiti za NASA. Kazi hiyo ilikuwa chini ya mpango wa SERVIR, uliofadhiliwa na USAID, shirika la misaada la Marekani. Mwaka 2025 USAID ikavunjwa. Setilaiti si zetu, na mfadhili akiondoka hatuna mkataba wa kumshikia.

Wala Kenya si mgeni wa mambo haya. Hapa hapa Kericho, mwanzoni mwa miaka ya 1960, roketi zilirushwa mawinguni kujaribu kuzuia mvua ya mawe. Aprili 1967 setilaiti San Marco 2 ikarushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini, karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ikafuata Uhuru, ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota, na jina lake likaheshimu sikukuu yetu. Nchi iliyoanza hivyo ilingoja hadi 2017 kuunda Shirika la Anga za Juu la Kenya, na hadi 2023 kurusha setilaiti yake Taifa-1.

Sasa tunasita tena. Desemba 2022 Rwanda na Nigeria zilitia sahihi Mapatano ya Artemis, yanayoongozwa na Marekani, kuhusu safari za mwezini na kwingineko. Angola ikafuata 2023. Mwaka 2024 ukaisha bila jina la Kenya. China na Urusi nazo zinakaribisha mataifa katika kituo zinachokusudia kujenga mwezini, na huko pia hatujamweleza mwananchi msimamo wetu. Kisingizio cha fedha hakisimami, kwa sababu Artemis haidai ada.

Sababu nzito ya kusita ipo, nasi tunaiheshimu. Mapatano hayo yanasema kwamba kuchimba rasilimali za mwezini, kwenyewe, si kujitwalia mwezi. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za Ikweta zilizokutana Bogotá mwaka 1976 na kudai haki juu ya sehemu ya anga iliyo juu yao, kwa hofu kwamba mataifa tajiri yangeichukua yote. Anayeiona hofu hiyo ingali hai leo ana haki ya kukataa Artemis. Lakini aikatae Bungeni, jina lake liandikwe, sababu zake zisikike. Tunachopinga ni ukimya wa wizara, unaowaacha wahandisi wetu vijana bila kujua wajiandae na nani.

Rai ya jarida hili ni kwamba tuingie. Sahihi peke yake haitaleta setilaiti, ila itatupa kiti mezani, na huko twende na dai lililoandikwa: vipimo vya joto la usiku vifike moja kwa moja kwa Idara ya Hali ya Hewa na kwa Taasisi ya Utafiti wa Chai iliyoko Kericho, kwa mkataba usiotegemea msaada, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga wafundishwe kuvisoma. Wabunge wa Kericho na Bomet hawahitaji kungoja mswada wa serikali ili kuuliza. Wamwite waziri mbele ya kamati, atoe tarehe.