Breki ya mkono ya umeme: dai namba yako kwanza

Jamani, magari mengi ya mitumba yanayoshuka Mombasa siku hizi hayana tena ile fimbo ya breki ya mkono. Kuna kitufe chenye herufi P, mota mbili kwenye magurudumu ya nyuma, na kompyuta ndogo inayoziamuru. Volkswagen Passat, kwa mfano, imekuwa na mtambo huu tangu kizazi cha 2005.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, si umakanika. Lakini kile mafundi wanachokiita kodingi hakina uganga wowote. Programu ya breki tayari imo ndani ya kisanduku. Kodingi ni namba tu inayoieleza programu hiyo imo kwenye gari la namna gani: kwa mfano, gia ni za mkono au otomatiki. Ni mipangilio, basi. Ikiandikwa namba isiyolingana na gari, taa ya hitilafu inawaka, na mwenye gari anaambiwa kisanduku kimekufa, anunue kingine.

Msimamo wangu ni huu: mtu asiandike namba mpya kabla ya kusoma ya zamani, kuihifadhi, na kumpa mwenye gari nakala. Hakuna programa makini anayebadilisha mipangilio ya seva bila kuweka nakala. Kwa nini tukubali hivyo kwenye breki?

Nakala ikiwepo, kutafuta hitilafu kunakuwa rahisi. Kwanza pima betri na uunganishe chaja, maana volti zikishuka katikati ya kazi, kompyuta za gari hutoa makosa ya uongo. Pili, soma makosa ya gari zima, si ya breki pekee. Kwenye Passat hiyo breki ya mkono ina anwani yake, 53. Kwenye Golf 7 iliyotoka 2012, kazi hiyo iliingizwa ndani ya kompyuta ya ABS, kwa hiyo anayeitafuta 53 na kuikosa asitangaze msiba. Tatu, kama kisanduku ni cha mtumba, linganisha namba ya spea mpaka herufi za mwisho. Hapo ndipo uandike namba ya zamani, ufute makosa, uone yapi yanarudi. Yakirudi ya mota au waya, hakuna namba itakayoyaponya.

Tena tusichanganye kodingi na kubadilisha pedi. Kwenye Passat hiyo, mota za nyuma hurudishwa kwa kompyuta: kundi 007 kufungua, 006 kufunga, 010 kujaribu. Kodingi haiguswi kabisa. Anayesukuma pistoni kwa klampu bila kuirudisha mota kwanza anaweza kuharibu kifaa, halafu lawama inaangukia kisanduku.

Najua wapo mafundi watakaosema namba hizi ni siri ya kazi. Ndugu zangu, ujuzi wenu mlipwe, tena vizuri. Lakini namba hiyo ilikuja na gari. Kule Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 na tena 2020 kudai watengenezaji wa magari wafungue taarifa za matengenezo. Sisi tunaweza kuanza na kipande cha karatasi.

Seva ikianguka, watu wanakosa barua pepe. Breki ya mkono ikiachia kwenye mteremko, gari linashuka bila dereva, na chini kuna watu.

Kwa hiyo ukifika gereji, kabla kebo haijachomekwa, sema: "Fundi, nisomee namba iliyopo, uniandikie." Kazi ikiisha, jaribuni breki pahali tambarare, kisha kwenye mteremko mdogo mguu ukiwa tayari juu ya breki. Karatasi hiyo ihifadhi pamoja na logbuku. Fundi wa kesho ataihitaji, hata kama wa leo anakuona msumbufu.