Andikisheni ndoa kwanza

Huku Mugunga, mjini Goma, si ajabu kukuta mume ni wa Goma na mke ni wa Gisenyi, Rwanda. Kwa kuwa mpaka uko karibu, wengi huridhika na karatasi ya kuvukia, kana kwamba ni ruhusa ya kukaa. Sivyo. Anayehamia kwako anahitaji viza ya makazi kutoka DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, na pa kuanzia ni cheti cha ndoa. Mahari na baraka za kanisa pekee havitoshi: Sheria ya Familia ya 1987 inataka ndoa iandikishwe serikalini.

Tena, ndoa haileti uraia papo hapo. Sheria ya Novemba 2004 inadai miaka 7 ya ndoa, nanyi mkiwa bado mnaishi pamoja. Kongo pia haikubali uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mwenzako afikirie vema kabla ya kuomba.

Tangu waasi wa M23 waingie Goma Januari 2025, watu wengi wamehama bila kubeba hata karatasi moja. Ndugu zangu, andikisheni ndoa, toeni nakala, na moja ikae kwa jamaa aliye mbali. Bila cheti, ni vigumu kuthibitisha ndoa yenu mbele ya sheria.