Viti Viwili, Kiwanja Kimoja

Mwezi huu naomba tuziweke pembeni stori za nani kamwacha nani, nikusimulie uhusiano wangu na gari. Usicheke. Nimekaa nalo karibu miaka 10, na wengi wetu hatujawahi kukaa na mtu muda wote huo.

Ni Mazda Roadster ya mwaka 2001, ile ambayo nje ya Japani inajulikana zaidi kama MX-5. Viti viwili tu, injini ya cc 1,800, gia sita za mkono, na paa la turubai unalolifunua mwenyewe: unaachia vibanio viwili, unalisukuma nyuma, basi. Hakuna kitufe cha kubonyeza. Wajapani waliolitengeneza wana msemo wao, jinba ittai, yaani farasi na mpandaji wawe kitu kimoja. Toleo la kwanza lilionyeshwa Chicago mwaka 1989, na Aprili 2016 wakatimiza gari la milioni moja. Mimi langu nililitoa bandarini mwaka huohuo wa 2016. Nikajiona na mimi nimeingia kwenye historia.

Wakati huo nilikuwa nimeshachumbia, na tulikuwa tunachanga hela ya kiwanja. Kila mwisho wa mwezi mchumba wangu alinikabidhi sehemu yake, mimi ndiye niliyekuwa napeleka benki. Nikamwambia gari limenigharimu milioni 8 mpaka namba, hela ya bonasi yangu. Uongo. Lilifika milioni 14. Gari kuukuu lina ushuru wake wa uchakavu, na hesabu hiyo niliifanya meli ikiwa imeshatia nanga. Milioni 6 zilizopelea nilizichota kwenye kiwanja. Yeye nikamwambia mwenye eneo kapandisha bei, tuvute subira.

Akaniamini. Hapo ndipo ubaya ulipo.

Lakini raha ya gari lile nisikufiche. Joto la Dar la saa saba mchana na paa wazi haviendani, utakaangwa kama samaki wa Feri. Muda wake ni saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Unashika barabara ya Bagamoyo kabla ya foleni, ukifika kule unakata kuelekea Msata. Gari lina uzito wa tani moja na kidogo tu, kwa hiyo kila kona unaisikia mpaka kiunoni. Na ukikumbuka tochi za trafiki kwenye vijiji vya 50, hata kwa mwendo huo unafurahi, maana umekaa chini sana, hamsini unaiona kama mia. Makonda wa daladala nao hawakosi neno: "Oyaa bosi, paa umeliacha wapi?"

Mtoto akazaliwa mwaka 2018. Kiti cha mtoto mchanga kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele ya mfuko wa hewa, ukifumuka unaweza kumuua. Na kiti cha nyuma hakuna. Jumapili moja tulikuwa tunatoka kwenye harusi Sinza. Mke wangu na mtoto wakapanda Bajaji, mimi nikawa nawafuata nyuma, peke yangu, kwenye gari la michezo. Watu kituoni walicheka. Mke wangu aligeuka akanitazama mara moja tu. Hakusema kitu.

Masika ya mwaka 2020 ndiyo yaliyoniumbua. Asubuhi moja nafungua mlango, zulia linatoa maji kama sponji. Nikajua turubai limetoboka, nikaanza kuulizia bei ya jipya. Fundi wa bodi kule Gerezani akalikagua, akasema, "Bosi, hii gari haivuji. Imeziba."

Kumbe maji yanayoteremka kwenye paa hukusanywa na mfereji wa mpira nyuma ya viti, kisha yanashuka kwenye vitundu viwili, kulia na kushoto, yanatokea chini ya gari. Mimi nilikuwa naegesha chini ya mwarobaini. Majani yake madogo yakaziba vile vitundu, maji yakakosa pa kutokea, yakageukia ndani. Fundi akapitisha waya wa breki ya baiskeli, matope meusi yakatoka. Kazi ya nusu saa. Lakini chini ya mlango, sehemu nisiyoitazama, kutu ilikuwa imeshakula bati mpaka kidole kinapita.

Nikarudi nyumbani nikang'oa mazulia, nikaanika uani. Mke wangu akaja kunisaidia. Nyuma ya kiti akakuta bahasha imelowa chapachapa. Nilikuwa nimeisahau. Akatoa karatasi moja moja, akazipanga juani, akaweka kijiwe juu ya kila moja zisipeperuke. Invoisi ya Japani. Risiti ya ushuru. Risiti ya wakala wa bandarini. Mke wangu ni mhasibu, msomaji. Hakuhitaji kikokotozi.

Alichuchumaa pale muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Kumbe kiwanja chetu ninacho hapa miaka yote. Kina matairi."

Usiku ule nilimweleza yote, hata ile bei iliyopandishwa na mwenye eneo ambaye hakuwahi kupandisha kitu. Nikamwambia kesho naliuza. Akajibu, "Ukiuza utapata ngapi, sita? Nitabaki sina kiwanja, sina gari, na mume kanuna." Badala yake akatoa masharti mawili. La kwanza, daftari la matumizi likae ndani ya gari na aliandike yeye. La pili, nimfundishe gia za mkono.

Wiki ya tatu alikuwa anaendesha vizuri kuniliko. Daftari nalo lilinifundisha adabu. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000, na mimi nilikuwa nimepitiliza. Tairi za ukuta mfupi hazina urafiki na mashimo yetu, tulimaliza nne ndani ya mwaka. Spea nyingine Ilala huzikuti, unaagiza na kusubiri. Kila mwisho wa mwezi tulipiga hesabu, na kiasi kilekile lilichokula gari, mimi nililazimika kukiweka kwenye kiwanja, kutoka mfukoni mwangu. Mwaka 2022 tukalipia eneo Kibaha. Hati ina majina mawili.

Kwa hiyo ukiwa na ndoto ya gari la paa la kufunua, sikukatazi. Anza na gari la familia kama mtoto yupo au yuko njiani. Egesha mbali na miti. Kabla ya masika mwaga kikombe cha maji kwenye vile vitundu, uone kama yanatokea chini. Kutu itafute pale ambapo hupendi kuinama. Na kabla hata ya kuagiza, mwambie mwenzako bei kamili, ushuru wake ukiwemo. Atakasirika siku mbili. Mimi nilinunua miaka minne ya kukwepa macho ya mtu ninayelala naye, na hiyo haimo kwenye risiti yoyote.

Jumamosi hii zamu ni yake. Anakwenda Bagamoyo na dada yake, paa wazi, miwani usoni. Mimi nimebaki na mtoto na daftari. Nimelifungua, nikakuta kaandika: "Mafuta 40,000. Furaha, bure."

Tukutane mwezi ujao.