Sindano Moja Haitoshi



Tangu Nkanka hadi mashamba ya mpunga ya Bugarama, ni nani kati yetu ambaye hajaumwa malaria au kumuuguza mwenye malaria? Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge. Lakini mgonjwa akizimia, akipata degedege, akitapika kila anachomeza, akipumua kwa taabu au akikojoa mkojo mweusi, hiyo ni malaria kali. Huyo anahitaji sindano, tena upesi.

Zamani sindano hiyo ilikuwa ya kwinini. Sisi wa huku si wageni wa kwinini, maana ng'ambo ya Ziwa Kivu, huko Bukavu, wenzetu walilima miti yake na kutengeneza dawa kiwandani kwa miaka mingi. Imeokoa watu wengi. Lakini dripu yake huchukua saa kadhaa, huweza kushusha sukari ya damu, na sindano yake ikichomwa vibaya takoni huweza kulemaza mguu.

Leo dawa ya kwanza ni artesuneti. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Rwanda ikiwamo. Watoto waligawanywa makundi mawili yaliyokaribia kuwa sawa. Waliopewa kwinini walikufa 297. Waliopewa artesuneti walikufa 230. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaagiza itumiwe kwa watoto pia, kama ilivyokwisha agizwa kwa watu wazima.

Dawa ni nzuri, ila ina masharti. Kwanza mgonjwa apimwe uzito. Mtu wa kilo 60 anahitaji miligramu 144, na chupa ndogo ina miligramu 60. Basi zinafunguliwa 3, si 1. Unga wake huchanganywa na maji yake maalumu, kisha huongezwa maji ya chumvi ya hospitali. Ikishachanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki inamwagwa. Haitundikwi kwenye dripu. Hii si kazi ya muuza duka wala ya jirani mwenye bomba la sindano.

Tena sindano moja si tiba. Ya pili huchomwa baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24 tangu ile ya kwanza. Mgonjwa akiwa bado hawezi kumeza, huendelea kuchomwa mara moja kwa siku. Akiweza kumeza, anapewa vidonge vya mseto vya siku 3, na lazima avimalize.

Hapa ndipo penye ubishi wetu. Mfanyakazi analetwa amezimia. Baada ya sindano mbili anafumbua macho, homa imeshuka. Anachofikiria ni nini? Ujira wa siku, na nyapara atakayempa mwingine nafasi yake. Anaomba ruhusa aondoke, na vidonge anavigawa: vingine anameza, vingine anawawekea watoto. Watu husema ni ujinga wake. Sisi tunasema ni njaa yake.

Hasara yake ni ya wote. Vimelea vilivyobaki hurudi na kumwangusha tena. Na mwaka 2020 wataalamu walieleza kwamba hapa hapa Rwanda wameonekana vimelea vilivyoanza kustahimili dawa za jamii hii. Dozi zinazoachwa njiani huvipa vimelea hivyo nafasi ya kuenea. Dawa hii ikishindwa, tutakimbilia wapi?

Jambo jingine: kwa wagonjwa wachache damu hupungua wiki 1 hadi 4 baada ya sindano, hata kama malaria imekwisha. Kwa hiyo mtu arudi kupimwa damu, hasa akiona uchovu mwingi, macho ya manjano au mkojo mweusi. Lakini atarudije ikiwa siku ya kwenda kituo cha afya inakatwa kwenye mshahara?

Kwa hiyo tuwaambie waajiri mambo matatu. Mahali pa kazi pawe na chombo cha kumpeleka mgonjwa hospitali, usiku na mchana. Aliyelazwa kwa malaria kali alipwe siku zake mpaka amalize vidonge, awe wa kudumu au kibarua. Na siku za kurudi kupimwa zihesabiwe kuwa siku za kazi.

Nasi tuna wajibu wetu. Ukiona homa, nenda kwa mshauri wa afya wa kijiji siku hiyo hiyo ukapimwe. Ukipewa vidonge, vimeze vyote. Na mwenzako akilazwa, mwambie asikimbie kitanda. Sisi tutasimamia nafasi yake ya kazi mpaka arudi.